Kiuno cha Inchi Kumi na Tisa

Juzi nilinunua njugu karanga soko la Muthurwa, na mama aliyeniuzia akanifungia kwa karatasi ya kitabu cha zamani cha picha. Sijui aliitoa wapi. Nilipoifungua nyumbani harufu yake ikanishika: wino wa bei rahisi, karatasi iliyogeuka rangi ya chai, vumbi la chini ya kitanda. Kwenye kipande kile alikuwa amebaki mwanamke nusu, kuanzia shingoni hadi magotini, amejipinda kama nguo inayokamuliwa. Nilikula njugu zote nikimtazama, kisha nikacheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia huyu mwanamke wa kwenye karatasi alibakisha kidogo tu avunje harusi ya Anti yangu Syombua. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliosoma vitabu vile mmevificha ndani ya kitabu cha hesabu.

Tulikaa Makadara, katika nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, vyumba viwili na jiko. Baba alikuwa dereva wa lori na siku nyingi alikuwa barabarani. Mama, ambaye sote tulimwita Mwaitu kwa Kikamba, alikuwa fundi wa nguo za kike. Cherehani yake ilikaa dirishani, meza ya kukatia ikajaza sebule, na kwenye kona alitundika pazia la maua. Mteja akija aliingia nyuma ya pazia na Mama na tepu yake. Mimi nilikaa upande wa huku, juu ya kigoda, na daftari na penseli. Mama aliita, nami niliandika.

"Kifua arobaini."

"Arobaini," nilijibu ili ajue nimesikia.

"Kiuno thelathini na tano. Nyonga arobaini na tatu."

Kazi hiyo nilipewa nikiwa darasa la nne kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka kuliko wa Kyalo, kaka yangu. Kwa miaka miwili sikukosea hata mara moja, na Mama alijivunia jambo hilo mbele ya watu. Alikuwa na sheria moja tu. Namba iliyoandikwa kwenye daftari ilikaa kwenye daftari. "Kipimo cha mwanamke ni kama dhambi yake," alisema. "Anamwambia Mungu na fundi, basi." Akina mama wa kanisa walimpenda kwa hilo. Kulikuwa na mafundi wengine pale mtaani waliojua kushona kumshinda, lakini wao walikuwa na midomo.

Kwa hiyo nilikua nikiwajua wanawake wa Makadara kwa namba zao. Mwalimu wangu wa Kiswahili alipita nikasema moyoni, thelathini na nane, thelathini na moja, arobaini na mbili, shikamoo mwalimu. Sikuona ubaya wowote katika namba hizo, hadi siku Kyalo alipoleta vile vitabu nyumbani.

Aliviazima na kuvibadilisha na wavulana wenzake, kimoja kwa kingine, mpaka jalada likaisha. Tulivisoma pamoja mchana Mama akiwa sokoni kununua vifungo na uzi. Hadithi zenyewe zilikuwa moja tu: mji unashambuliwa, staringi anaitwa, anakuja akiruka, na msichana wake amefungwa kamba mahali. Staringi, kwa walioanza kusahau, ndiye mwenye picha, yule asiyekufa. Tulijua kwamba staringi hafi. Nilichokisoma mimi hasa kilikuwa nguo.

Nilikuwa mtoto wa fundi, basi nilimtazama yule msichana kwa jicho la fundi. Kwanza alisimama akikuonyesha kifua na mgongo kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna mteja amewahi kulifanya akipimwa. Pili, nguo yake ilinihuzunisha. Alikwenda vitani amevaa kipande cha kitambaa ambacho Mama angekitumia kushonea kola. Nilifikiri sana nikapata jibu: fundi wake alikuwa mwizi. Hata kwetu walikuwepo, unapeleka yadi tatu unarudishiwa sketi ya mtoto, nawe hujui la kufanya kwa sababu harusi ni kesho. Nilimhurumia. Nilitamani angekuja kwa Mama.

Staringi mwenyewe alikuwa na matatizo yake. Chupi aliivaa juu ya suruali, nami niliamini ni kwa sababu ya haraka. Ungekuwa wewe unaitwa saa zote mji unaungua, ungevaa vipi? Kifua chake kilikuwa kama mlango, na tumboni alikuwa na safu za vimbe kama mandazi kwenye sinia. Kyalo alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliyataka mandazi yale kuliko kitu chochote duniani. Alijaza saruji kwenye mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, akaiunganisha kwa bomba, akawa anainua uani kila asubuhi akihema. Baada ya mwezi aliniomba nimpime. Kifua inchi ishirini na saba, kiuno ishirini na sita.

"Pima tena," alisema, amejaza hewa kama puto.

"Ishirini na nane. Sasa pumua kabla hujafa."

Leo mimi ni mtu mzima na ninajua kilichokuwa kikiuzwa pale. Mwanamume alichorwa ili wavulana watamani kuwa yeye, na mwanamke alichorwa ili atamaniwe. Misuli ya mwanamume ilikuwa na kazi, iliinua magari na kuvunja kuta. Umbo la mwanamke halikuwa na kazi yoyote ila kutazamwa, na hata upepo ulishirikiana na mchoraji. Wachoraji hawakufikiria kwamba kuna mtoto wa kike Makadara naye anasoma, tena ana rula.

Ndiyo, rula. Darasa la sita tulikuwa tumefundishwa hesabu ya duara, na siku moja nilimpima yule msichana. Alikuwa na sentimita kumi na sita kutoka kisigino hadi utosi. Nikamfanya awe na urefu wa Anti Syombua, mdogo wake Mama, inchi sitini na nne, hivyo kila sentimita ikawa inchi nne. Upana wa kiuno chake ulikuwa sentimita moja na nusu. Nikazidisha kwa nne, kisha kwa pai, nikafuta, nikazidisha tena. Kiuno cha inchi kumi na tisa! Nilipima wasichana wengine wote wa vitabu vile na hakuna aliyefika ishirini na mbili. Waliokuwa na viuno kama vya kwetu walikuwa watatu tu: mpishi, mama mkwe mmoja mkali, na mchawi aliyeishi ndani ya pango. Na hao hakuna aliyewapenda. Hakuna staringi aliyewahi kuruka juu ya jengo kwa ajili ya mpishi.

Basi nikaweka mambo pamoja. Kwenye karatasi nyeupe ya ndani, nyuma ya kitabu, nilianza orodha kwa penseli. Juu niliandika msichana wa staringi na vipimo vyake, chini yake, kwa ukubwa wa kiuno, mpishi, mama mkwe na mchawi pamoja na wanawake niliowajua, niliowatoa kwenye daftari la Mama mmoja baada ya mwingine. Mchawi nilimwekea jina la mwanamke mmoja pembeni, kwa kuwa vipimo vyao vilikaribiana sana. Sikuiona kama siri niliyoitoa nje. Kitabu, ambacho Kyalo alikuwa hakitaki tena, kilikaa chini ya kitanda changu, na ni mimi tu niliyekuwa nikikisoma.

Anti Syombua aliishi nasi. Alikuwa taipisti mjini, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba na miguu ya kucheza, na alinisuka nywele kila Jumapili akinisimulia mambo ya ofisini. Nilimpenda kuliko watu wote. Mwaka ule alichumbiwa na Mutiso, karani mpole aliyevaa miwani, mabega yake yameteremka kama ya chupa. Alikuja kila Jumamosi na mkate na pakiti ya majani ya chai, akaketi na kikombe magotini akimsikiliza Anti kama mtu anayesikiliza redio. Mimi na Kyalo tulimjadili.

"Huyo si staringi," Kyalo alitoa hukumu. "Akigongwa ngumi moja tu anarudi ocha, kijijini kwao."

"Lakini ana roho nzuri."

"Roho haipigi watu."

Mimi wasiwasi wangu haukuwa juu ya Mutiso. Ulikuwa juu ya Anti, na siku ya kumpima uligeuka kuwa hofu kamili. Ilikuwa wiki tatu kabla ya harusi. Walikuja wapambe sita wa kanisani, wakapimwa wote pamoja na bibi harusi, kicheko tupu nyuma ya pazia. Anti alikuwa wa mwisho.

"Kifua thelathini na sita. Kiuno thelathini na mbili. Nyonga arobaini na moja."

Thelathini na mbili! Niliandika hivyo hivyo. Walipoondoka nikaenda chini ya kitanda nikamwongeza kwenye orodha yangu, nikamwona pale kati ya mpishi na mama mkwe. Mutiso angempenda vipi, siku ile watu wote wakimtazama mbele ya kanisa? Nilikuwa nimemsikia Mama mara nyingi akiwaambia mabibi harusi, "Nguo ikishonwa vizuri, mwili utaifuata." Na nilikuwa nimeona kwa macho yangu: mwanamke anaingia mnene, anatoka na gauni lililobanwa kiunoni, anaonekana mwingine. Niliamini kwamba nguo ndiyo inayoanza, mwili unafuata.

Nikafikiri kumi na tisa. Lakini nilijua Mama angeshtuka. Basi nikachukua kifutio nikaifuta thelathini na mbili polepole, nikaandika ishirini na sita. Kwenye orodha yangu nikachora mshale kutoka 32 hadi 26, na mbele yake nikaandika: aanzie hapa.

Jumatatu Mama alitandaza satini nyeupe mezani. Aliikata vyema vipande vya wapambe kwanza, kisha akafungua ukurasa wa Anti. Akasita.

"Ishirini na sita? Syombua?" Akaniangalia. "Uliandika nilichosema?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Basi mawazo ya harusi yamemla." Akacheka kidogo na kuinama, na makasi yakaanza kula kitambaa. Mimi nilifurahi na kuogopa, vyote pamoja, na sikujua kwa nini.

Alhamisi kabla ya harusi, nilipotoka shule, gauni lilikuwa tayari kujaribiwa. Alikuwapo Mama Kalondu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na shangazi yake Mutiso, aliyekuja kuona bibi harusi kwa niaba ya ukoo wa bwana harusi. Mwanamke mkubwa, mwenye mkoba mkubwa na neno la mwisho. Anti aliingia nyuma ya pazia akiimba. Kuimba kukakoma.

"Dada. Haipandi."

"Vuta pumzi."

"Nimevuta. Haipandi!"

Mama alifungua pazia ili apate mwanga. Zipu ya mgongoni ilikuwa wazi, pande mbili za satini zimeachana hivi kwamba ngumi mbili zingepita katikati. Kitambaa cha akiba ambacho Mama hukiacha ndani ya mshono kisingeziba hata nusu. Mama alichukua tepu akapima kiuno cha Anti mara mbili. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Thelathini na mbili," alisema.

"Na kwenye daftari?" aliuliza Mama Kalondu.

Daftari lilikuwa mezani. Alilifungua mwenyewe, akatembeza kidole. "Ishirini na sita. Wiki tatu zilizopita." Akalifunga, akaliweka chini taratibu mno. "Syombua, mwanangu. Keti. Una jambo la kutuambia?"

"Jambo gani, Mama Kalondu?"

"Mwili hauongezeki inchi sita kwa wiki tatu kwa sababu ya ugali."

Mimi nilidhani wanamlaumu kwa ulafi. Nilitaka kusema kwamba Anti hali sana. Lakini nilimwona Anti amefunika mdomo kwa mkono, na Mama amekaa kitako kwenye kiti cha cherehani kama mtu aliyekatwa miguu, na hapo nikasikia maneno yakitoka: shela, mchungaji, harusi ya Jumamosi, aibu. Mama Kalondu alimaanisha mimba. Kwa kanisa letu la siku zile, bibi harusi mwenye mimba hakuvaa shela wala hakusimama mbele ya madhabahu. Harusi ingefutwa, na jina lake lingezunguka mtaa mzima kabla ya jua kuchwa.

"Mimi niko vile vile!" Anti alilia. "Sketi yangu ya kazini ni ile ile!"

"Sketi ya kazini ina lastiki," alisema Mama Kalondu, si kwa ukali. Nadhani alikuwa akiumia pia. "Labda mtoto aliandika vibaya?"

Hapo Mama akainua kichwa. "Mtoto wangu hakosei," alisema. "Niliwapima watu saba siku ile, mimi namba zimeniingiana. Lakini huyu, hapana. Hajawahi."

Sijawahi kupigwa kofi lililouma kama maneno yale. Mama alikuwa akinitetea mimi na kumzamisha ndugu yake kwa pumzi moja. Nilisimama.

"Mwaitu, ni mimi. Uliita thelathini na mbili. Nilifuta."

Wote watatu walinitazama. Mama Kalondu alitikisa kichwa kwa huzuni. "Anampenda anti yake," alisema. "Tusimfunze mtoto kuwadanganyia watu wazima."

"Sidanganyi!"

"Na ungefuta kwa nini?"

Jibu lilikuwa chini ya kitanda. Na kwenye ukurasa ule ule lilikuwapo jina lingine, pembeni ya mchawi, na mwenye jina alikuwa ameketi mbele yangu na mkoba wake magotini. Nilijua vizuri nitakachokipoteza. Kazi ya kuandika, imani ya Mama, labda na wateja wake wote. Nikamtazama Anti, satini imemfungukia mgongoni, machozi yamemlowanisha shingo. Nikaenda nikakileta kitabu nikampa Mama Kalondu, kimefunguliwa nyuma.

Alivaa miwani. Alisoma kuanzia juu, midomo ikitikisika. Msichana wa staringi, arobaini, kumi na tisa, thelathini na sita. Mwalimu wa Kiswahili. Mama yangu mwenyewe. Akafika kwa Anti, akauona mshale. "Aanzie hapa," alisoma kwa sauti. Akaurudia mshale kwa kidole. Hata mtu mwenye shaka namna gani asingeweza kuamini kwamba mtoto amebuni jambo la kipumbavu kama lile kwa dakika mbili chini ya kitanda. Kisha kidole kikaendelea kushuka, nami nikafumba macho.

"Mchawi wa pangoni," alisoma. "Mama Kalondu. Arobaini na sita. Arobaini na nne. Hamsini."

Nje watoto walikuwa wakicheza bano. Nilisikia gololi zikigongana.

"Hiyo arobaini na nne," alisema mwishowe, "ilikuwa kabla ya Krismasi."

Akaanza kucheka. Kicheko chake kilianzia chini kabisa, mahali ambapo msichana wa staringi hakuwa na nafasi ya kukiweka, na kikamtikisa mpaka miwani ikaanguka. Anti naye akacheka huku analia. Mama Kalondu akakigeuza kitabu, akakitazama vizuri mara ya kwanza.

"Huyu maini yake anayaweka wapi? Syombua, njoo uone. Akinywa uji unapitia wapi? Na huyu mwanamume, woi, chupi iko nje!"

"Ni haraka," nilisema.

"Haraka gani ya kuvaa namna hii! Na wewe, ulitaka huyu mtoto wa watu afanywe hivi, akose mahali pa kubebea watoto, si utatumaliza ukoo?"

Anti aliniita akanishika uso. "Ulifikiri Mutiso hatanipenda?"

Nilitikisa kichwa kukubali, nikalia kwa sauti. Alinikumbatia na pini zote zilizokuwa kwenye gauni lile zikanichoma, na sikutaka aniachie.

Mama peke yake hakucheka. Mgeni alipoondoka, alichukua kitabu, akararua karatasi ya orodha, akaitia jikoni kwenye makaa. Kisha akaniambia, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Namba uliyofuta nitaishona. Lakini hawa wote uliowaandika pale walivua nguo mbele yangu kwa sababu waliniamini. Hilo halishoneki." Nilijua amesema kweli na nilijichukia. Alikata utepe mpana uliokuwa ufungwe mgongoni na mkia wote wa gauni, akapata vipande viwili virefu vya kutia ubavuni. Ijumaa yote baada ya shule nilifumua nyuzi, mshono kwa mshono, vidole vikaota malengelenge. Penseli sikupewa tena kwa mwaka mzima. Alimpa Kyalo, na mwandiko wake ule, na wateja wakateseka.

Jumamosi Anti alivaa gauni ambalo halikuwa na mkia wala utepe, na lililomruhusu kupumua. Aliimba mwenyewe kwenye harusi yake. Hakuna aliyejua kuna vipande. Lakini aliyewashangaza watu alikuwa Mutiso, kwa kuwa alitokea kanisani na mabega mapana, yaliyonyooka kama meza.

"Cheki!" Kyalo alininong'oneza, macho yamemtoka. "Amekuwa staringi! Ameinua mikebe ya kilo ngapi?"

Kwenye karamu, ukumbini, nilishindwa kula. Niliona si haki kwamba yeye tu ndiye asiyejua. Nilimwendea alipokuwa amesimama kando akijipepea kwa kadi ya mwaliko, nikamweleza yote, kuanzia kumi na tisa hadi mchawi. Alisikiliza kama anavyomsikiliza Anti. Hakucheka. Aliinama, akachukua mkono wangu akauweka begani kwake.

"Bonyeza."

Nilibonyeza. Bega likazama. Chini ya koti kulikuwa na sponji, sponji nene ya godoro, na chini yake kabisa, mbali huko, bega lake lenyewe limeteremka vile vile.

"Fundi wangu alisema bila sponji hii, picha zitanicheka," alisema kwa sauti ya chini. "Niliogopa siku ya leo, anti yako akiwa mzuri vile, mimi nisimame pale kama kiango cha nguo. Sasa, wewe ni mtoto wa fundi. Unajua kunyamaza?"

"Najua."

"Hata kwa anti yako."

Nilinyamaza. Sikumwambia Anti, sikumwambia Mama, na Kyalo nilimwacha aendelee na saruji yake mpaka alipoacha mwenyewe. Ilikuwa siri ya kwanza ya mwili wa mtu niliyoitunza, na niliitunza vizuri, miaka yote waliyozaa na kulea, wakahamia mtaa wa Komarock, Mutiso akanenepa, akazeeka, na mwaka juzi akatutoka akiwa usingizini. Mama aliponirudishia penseli sikumweleza ni nani aliyenifunza kunyamaza.

Baada ya zile njugu nilikwenda kumwona Anti. Nilimkuta akimenya minji kwenye beseni, bado anaimba, kiuno sasa hata mimi siwezi kukikisia. Nikaona Mutiso hayupo wa kukasirika, na siri hiyo imekuwa nzito kuibeba peke yangu. Nikamwambia habari za sponji.

Hakuinua hata kichwa. "Nilijua tangu kanisani," alisema. "Mchungaji alikuwa hamalizi, nikachoka, nikalaza kichwa begani kwake. Kikazama mpaka sikioni." Akaendelea kumenya, maganda upande huu, minji upande ule. "Wiki ile yote nilikuwa nikijitazama tumbo kwenye kioo. Kichwa kilipozama nikasema moyoni, afadhali. Kumbe na yeye ni mtu."